Kibanda cha magunia cha George Adamson

Siku hizi kila mtu Nairobi anataka kibanda msituni. Wikendi ikifika watu wanakodi kijumba cha mbao, wanapiga picha ya kikombe cha kahawa dirishani, halafu Jumatatu wanarudi kazini na deni. Wale walio na kipande cha shamba la babu kule Mbooni au Mwingi wameanza kuulizana: chetu tutakijengaje, kiwe cha bei nafuu, kisiharibu miti na kitulize akili? Basi kabla hujampigia fundi simu, hebu sikia habari za mzee mmoja aliyeishi kwenye kibanda cha aina hiyo karibu miaka 20, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Kitui.

George Adamson alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya 1924 kusaidia kwenye shamba la kahawa la babake. Kahawa haikumkaa. Alitafuta dhahabu, akauza mbuzi, akaongoza wawindaji, hadi mwaka 1938 alipoajiriwa na idara ya wanyamapori. Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike, na ndipo yeye na mkewe Joy wakamlea mtoto wa simba huyo, Elsa. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka 1960, filamu ikafuata 1966, dunia nzima ikawajua. Lakini umaarufu na utulivu si ndugu. George na Joy walizidi kuishi mbalimbali, na huko Meru, alikokuwa akiwafunza simba wa ile filamu kujitegemea porini, simba wake mmoja aitwaye Boy alimjeruhi mtoto wa mkuu wa mbuga. George akaambiwa ahame.

Mwaka 1970, akiwa na miaka 64, umri ambao wengi wanahesabu wajukuu, alihamia Kora. Ukitoka Mwingi unapita Kyuso, unapita Tseikuru, unazidi kwenda mpaka lami inakuwa hadithi, ndipo unafika. Ni vichaka vikavu, miiba na majabali makubwa, na upande wa kaskazini mto Tana na miti yake mirefu. Jua la huko si mchezo.

Aliyejenga hasa ni mdogo wake, Terence. Huyu hakuwa msanifu wa majengo. Alikuwa mtu wa kuchonga barabara, na zaidi ya hayo hakuwapenda simba sana. Yeye moyo wake ulikuwa kwa ndovu. Kumbe ndiye aliyefikiria vizuri. Kuta zake zilikuwa waya wa kuku uliofunikwa magunia yaliyotiwa saruji. Gunia linashika saruji, saruji ikikauka ukuta unasimama, mwembamba, bila tofali hata moja la kuchomwa kwa kuni. Ukiwahi kuona tanuri la matofali likimeza miti ya kijiji kizima utaelewa kwa nini nasifu jambo hili. Mchwa, ambao Ukambani nzima ni balaa, hawali saruji. Juu kuliezekwa makuti ya mkoma. Makuti yana kasoro zake, moto ukiwa wa kwanza, lakini linganisha na bati saa nane mchana: bati linapika aliye chini yake, ilhali makuti yanapitisha hewa na kuzuia jua.

Kibanda kikuu, cha kula na kukaa, kiliachwa wazi mbele. Hakuna kioo, hakuna mlango wa kufunga. Hapo ndipo mzee alikaa na kiko chake na taipureta, huku hondohondo, kunguru, kanga na kindi wakiingia kudai karanga mezani. Maji yalichotwa Tana kwa gari, kwa hiyo hakuna aliyeyamwaga ovyo. Na choo, jamani, choo! Kilikuwa cha shimo, na kiti chake kilikuwa taya la ndovu. Hakuna kibanda cha kukodi ninachokijua chenye kitu kama hicho.

Jioni George alipenda kukwea jabali la Kora na glasi yake ya kinywaji, atazame jua likizama na kungoja simba waje. Kwangu mimi siri ya pale ilikuwa hii: nyumba ilikuwa ndogo kwa sababu maisha yalikuwa nje. Ukijenga kibanda Makueni ukaweka runinga ya ukutani na sofa tatu, umehamisha Pipeline tu, hujapumzika.

Ila tusidanganyane. Kambi yote ilizungukwa na uzio mrefu wa waya: watu ndani, simba nje. Juni 1971 Boy alimshambulia mfanyakazi wa kambi, Stanley, nje ya uzio huo. George alikimbia na bunduki akamuua Boy, simba aliyemlea na kumpenda miaka mingi, lakini Stanley alikuwa ameumia vibaya mno. Alikufa muda mfupi baadaye. Hapa ndipo hadithi hii inaniuma. Utulivu wa mzee ulikuwa na bei, na aliyeilipa kwanza hakuwa yeye. Wapo waliosema wazi kwamba simba waliozoea watu hawafai kuachiliwa, na sioni walikosea wapi. Mwaka 1980 simba mwingine alimjeruhi Terence mwenyewe, na mradi ukasimamishwa. Mwaka huohuo, mwezi Januari, Joy alikuwa ameuawa huko Shaba.

Halafu kulikuwa na wenyewe wa nchi. Kora ilifanywa hifadhi mwaka 1973, lakini kiangazi kikikaza wafugaji waliingia na mifugo, maana ng'ombe hasomi ramani. Baadaye wakaja majangili na majambazi wenye bunduki. Rafiki zake walimsihi aondoke. Alikataa.

Terence alifariki 1986. George alibaki, mzee wa ndevu nyeupe, kaptura na malapa. Tarehe 20 Agosti 1989 majambazi walivamia gari lililokuwa limebeba mgeni wa kambi. George aliposikia milio ya risasi aliingia kwenye Land Rover yake na kuwaendesha moja kwa moja. Aliuawa hapo, pamoja na wafanyakazi wake wawili. Alikuwa na miaka 83.

Alizikwa Kora kando ya Terence, na simba wawili wako hapohapo karibu. Kambi iliachwa ikachakaa, mpaka Tony Fitzjohn, aliyekuwa kijana wake wa mkono tangu 1971, aliporudi na kuijenga upya. Eneo sasa ni mbuga ya taifa. Ukienda kupitia Tseikuru, beba maji ya kutosha na gurudumu la pili la akiba.