Perpetua na Ndoto za Kifo Chake

Juma hili naomba tumsome mama mmoja Mwafrika aliyekufa zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Jina lake ni Vibia Perpetua, wa Carthage, mji uliokuwa pwani ya Tunisia ya leo. Nimemchagua kwa sababu wanaonijia baada ya ibada na ndoto za kifo wamekuwa wengi. Mmoja ameota jeneza sebuleni, mwingine ameota marehemu babake anamwita kutoka ng'ambo ya mto. Na wengine kabla ya kunifikia wameshatuma pesa kwa simu kwa mtu aliyewaambia ati ndoto hiyo lazima ivunjwe kwa sadaka, la sivyo jeneza ni lao. Perpetua naye aliota kifo, tena akiwa gerezani, na hakumlipa mtu.

Alikuwa na umri wa miaka kama 22, binti wa jamaa bora, amesoma, ameolewa, na ananyonyesha mtoto wa kiume. Kaisari wa Roma wakati huo alikuwa Septimius Severus. Perpetua alikamatwa pamoja na wenzake waliokuwa bado wanafundishwa kabla ya ubatizo, miongoni mwao Revocatus na Felicitas, watumwa. Felicitas alikuwa mjamzito. Mwalimu wao, Saturus, hakuwepo walipokamatwa. Alijileta mwenyewe baadaye ili asiwaache peke yao. Wakabatizwa wakiwa tayari chini ya ulinzi.

Haya tunayajua kwa sababu Perpetua aliandika mwenyewe mle gerezani, na maandishi yake yamehifadhiwa hadi leo. Hajifanyi shujaa. Anakiri kwamba giza la gereza lilimtisha, joto lilikuwa kali, na moyo ulimuuma kwa ajili ya mtoto. Mashemasi wawili walitoa pesa ili wafungwa wapate saa chache mahali penye nafuu, na hapo akamnyonyesha mwanawe aliyekuwa amelegea kwa njaa. Baadaye akaruhusiwa kukaa naye.

Sasa ndugu yake akamwomba amuulize Bwana: mambo haya yataisha kwa kufunguliwa au kwa kufa? Akaomba, na akaota. Aliona ngazi ya shaba, ndefu hadi mbinguni, nyembamba ya kupandwa na mtu mmoja mmoja. Kando zake zilikuwa zimejaa panga, mikuki na kulabu. Chini yake joka kubwa limelala. Saturus alitangulia kupanda, kisha Perpetua akakanyaga kichwa cha joka kana kwamba ni kidato cha kwanza. Juu alikuta bustani kubwa na mzee mwenye mvi, amevaa kama mchungaji, anakamua kondoo. Mzee akampa tonge la maziwa yaliyoganda. Aliamka bado anatafuna kitu kitamu.

Alimweleza ndugu yake, na wote wawili wakaelewa kwamba ni mateso, si kufunguliwa. Hakukemea ndoto ile, wala hakutafuta mtu wa kuigeuza. Najua tumezoea kwamba ndoto ya kifo lazima iwe ya adui. Lakini kumbukeni Yusufu gerezani kule Misri: mwokaji alipomsimulia ndoto yake, Yusufu alimwambia wazi kwamba baada ya siku tatu atauawa. Hakumuuzia maombi ya kuahirisha.

Wala sisemi kila ndoto ya kifo ni ujumbe. Ukitoka matangani ukaota kaburi, hiyo ni huzuni yako inaendelea kulia ukiwa umelala. Ukiwa na homa kali, utaota mengi. Perpetua alikuwa na sababu ya kuota kifo: alikuwa anangoja hukumu.

Babake alikuja kumsihi mara kadhaa. Alimbusu mikono, akajitupa miguuni pake, akamtaja mtoto ambaye hangeweza kuishi bila mamake. Mbele ya Hilarianus, aliyekuwa akishika nafasi ya gavana aliyefariki, mzee huyo alipigwa fimbo kwa kumsumbua bintiye akane. Perpetua anasema iliuma kana kwamba amepigwa yeye. Lakini hakukana. Wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama. Alipotuma mtoto aletwe anyonye, babake alikataa kumtoa.

Siku chache baadaye alimwota mdogo wake Dinocrates, aliyefariki akiwa na miaka saba kwa kidonda kibaya cha uso. Alimwona gizani, ana kiu, kando ya birika ambalo ukingo wake ulimzidi kimo. Aliomba usiku na mchana kwa machozi, kisha akamwona tena amepona, anakunywa na kucheza. Ndoto hii ilileta ubishi. Zaidi ya miaka 200 baadaye, Augustine wa Hippo alimjibu mtu aliyeitumia kujenga fundisho kuhusu watoto waliokufa bila ubatizo, akamkumbusha kwamba maandishi yale si sehemu ya Maandiko. Mimi nakubaliana naye. Ndoto ya mtakatifu, hata ikiwa tamu namna gani, haiwi fundisho la kanisa.

Siku moja kabla ya kuuawa aliota amesimama uwanjani. Badala ya mnyama akaja Mmisri mwenye sura ya kutisha, wakapigana, naye akamshinda na kumkanyaga kichwa. Akapewa tawi lenye matofaa ya dhahabu, akatembea kuelekea Lango la Uzima, lango walilotokea walioachwa hai. Akaelewa kwamba kesho adui wake hatakuwa mnyama bali Ibilisi, na kwamba atashinda. Hapo akaacha kuandika. Mwingine alimalizia habari.

Felicitas alikuwa amejifungua gerezani mtoto wa kike, ambaye dada mmoja katika Bwana alimlea. Tarehe 7 Machi mwaka 203, katika michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana wa Kaisari, wanawake hao wawili waliachiliwa ng'ombe mkali. Perpetua alirushwa juu, akaanguka, akavuta vazi lililopasuka afunike paja, akafunga nywele zake, akaenda kumwinua Felicitas. Kisha kweli wakaitwa kwenye Lango la Uzima, lile la ndoto. Hapo aliuliza ng'ombe ataletwa lini, kwa maana hakuwa ametambua kwamba ameshapigwa.

Lakini baadaye umati ulitaka kuwaona wakiuawa kwa upanga. Wakainuka wenyewe, wakabusiana, wakaenda. Saturus alikufa kwanza, kama alivyotangulia kwenye ngazi. Kijana aliyepewa kumuua Perpetua alikuwa mgeni wa kazi hiyo. Pigo la kwanza liligonga mfupa naye akapiga kelele. Mkono wa kijana ukawa unatetemeka, basi Perpetua akaushika na kuuelekeza kooni pake mwenyewe.