Georg Ohm: Mwalimu ambaye jina lake liko nyuma ya spika

Geuza spika ya nyumbani usome kibandiko cha nyuma. Utakuta wati, na kando yake namba ndogo, mara nyingi 4, 6 au 8, yenye alama Ω. Wanunuzi wengi huangalia wati tu. Lakini ile namba ndogo ikipuuzwa, amplifaya inaweza kuungua. Kipimo chake huitwa ohm, kwa heshima ya mwalimu Mjerumani, Georg Simon Ohm.

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789 mjini Erlangen. Baba yake, fundi wa makufuli, alijisomea hesabu mwenyewe na kuwafundisha wanawe. Georg alipoingia chuo kikuu mwaka 1805, alizama katika dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu. Baba alikasirika, akamwondoa chuoni, na kijana akaenda kufundisha Uswisi. Baadaye alirudi na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1811.

Kuanzia 1817 alifundisha shule moja mjini Cologne, na humo akapima umeme katika nyaya za urefu tofauti. Betri za wakati huo zilidhoofika kabla hajamaliza kupima, hivyo akatumia umeme tulivu utokanao na tofauti ya joto kwenye maungio ya metali mbili. Akabaini kwamba volti zikiongezeka mkondo huongezeka, na ukinzani ukiongezeka mkondo hupungua.

Alichapisha kanuni hiyo kitabuni mwaka 1827, akitarajia uprofesa. Kitabu kilipokelewa kwa ubaridi. Ohm akaacha kazi Cologne na kuhangaika miaka kadhaa, hadi alipopata nafasi Nuremberg mwaka 1833. Heshima ilianzia ugenini: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley. Uprofesa kamili wa fizikia mjini Munich aliupata mwaka 1852, miaka miwili tu kabla ya kufariki. Mwaka 1881, mkutano wa kimataifa mjini Paris uliidhinisha ohm kuwa kipimo cha ukinzani.

Kanuni yake ndiyo inayokulinda sebuleni. Amplifaya inayotaka spika zisizopungua ohm 8, ikifungwa ya ohm 4, huvutwa mkondo takriban mara mbili kwa volti zilezile. Hupata joto, hujizima au huungua. Spika mbili za ohm 8 zikiungwa sambamba kwenye tundu moja, nazo huwa ohm 4. Kwa hiyo linganisha ohm kwanza, ndipo uangalie wati.