Joy Adamson na Nyuso za Wazee Wetu

Likitajwa jina la Joy Adamson, wengi humkumbuka simba Elsa. Ni wachache wakumbukao kwamba kabla ya simba kulikuwa na brashi. Alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, mji ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki, akafika Kenya mwaka 1937. Alianza kwa kuchora maua. Baadaye serikali ya kikoloni ikamwagiza awachore watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya jadi. Matunda ya kazi hiyo ni mamia ya picha, na kitabu The Peoples of Kenya cha mwaka 1967. Aliuawa Shaba, Januari 1980. Nyumba yake, Elsamere, ingalipo kando ya Ziwa Naivasha, si mbali na Mai Mahiu.

Picha zile ni hazina. Hata hivyo, aliyeagizwa kuchora makabila huutumia uso wa mtu mmoja kuwakilisha maelfu. Kazi iliyosalia ni yetu. Mwanafunzi wa Mai Mahiu hahitaji rangi za gharama: amkalishe nyanyake penye mwanga wa upande mmoja, apime nafasi ya macho kwa penseli, atie vivuli kwa makaa. Kisha, chini ya picha, aandike jina lake kamili.