Karl Blossfeldt

Karl Blossfeldt (Schielo, 13 Juni 1865 – Berlin, 9 Desemba 1932) alikuwa mchongaji, mwalimu wa sanaa na mpiga picha kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa picha zake za karibu za mimea: machipukizi, majani, maua, mbegu na mashina, vyote vikiwa vimekuzwa kupita ukubwa wake halisi.

Alipiga maelfu ya picha za aina hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka 30, lakini hakuwa mpiga picha kwa kazi wala kwa elimu. Picha hizo zilikuwa vifaa vyake vya kufundishia darasani. Zilijulikana kwa watu wengi mwaka 1928 tu, yeye akiwa na umri wa miaka 63, kupitia kitabu chake Urformen der Kunst (yaani "Maumbo ya Awali ya Sanaa").

Maisha ya awali

Blossfeldt alizaliwa katika kijiji cha Schielo, kwenye milima ya Harz, Ujerumani ya kati. Baada ya shule aliingia kama mwanagenzi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma cha Mägdesprung, kilichokuwa karibu na kwao. Huko alijifunza kutengeneza vielelezo vya mapambo ya chuma. Kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, mapambo ya malango, nyua na ngazi yalikuwa mara nyingi na sura ya majani, maua na mizabibu. Hivyo kijana huyo alianza kuitazama mimea kwa jicho la fundi kabla hajaitazama kwa kamera.

Mwaka 1884 alihamia Berlin kusoma katika shule ya Jumba la Makumbusho la Sanaa za Ufundi.

Roma

Katika miaka ya 1890 Blossfeldt alifanya kazi Roma, Italia, chini ya Moritz Meurer, mwalimu wa uchoraji wa mapambo. Meurer alikuwa anatekeleza mradi uliogharimiwa na serikali ya Prussia. Wanafunzi wa sanaa za ufundi walikuwa wamezoea kunakili mapambo ya kale kutoka vitabuni, na kazi za viwandani zikawa marudio ya marudio. Meurer alitaka warudi kwenye mimea yenyewe, waone jinsi shina linavyobeba uzito, jani linavyokunjuka na tumba linavyofunguka, ndipo wabuni maumbo mapya.

Blossfeldt alikuwa mmoja wa wasaidizi wake. Walikusanya mimea nchini Italia, Ugiriki na Afrika Kaskazini, wakaikausha na kutengeneza vielelezo vyake kwa plasta na shaba. Ni katika kazi hiyo kwamba Blossfeldt alianza kupiga picha za mimea.

Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ua lililochumwa asubuhi limenyauka jioni, na sehemu nyingi zenye umbo la kuvutia ni ndogo mno kuonekana na darasa zima. Picha ilitatua matatizo yote mawili.

Ualimu

Aliporudi Berlin alianza kufundisha, mwaka 1898, katika shule ileile aliyosomea. Somo lake lilihusu kufinyanga vielelezo kwa kufuata mimea hai, naye alilifundisha kwa takriban miaka 30. Aliwaonyesha wanafunzi picha zake zikiwa zimekuzwa ukutani kwa projekta au zimechapishwa kwenye karatasi, nao walichora na kufinyanga kwa kuzifuata. Mwaka 1921 alipewa cheo cha profesa. Alistaafu mwaka 1930.

Mwaka 1912 alimwoa Helene Wegener, mwimbaji wa opera. Ilikuwa ndoa yake ya pili.

Mbinu zake za kupiga picha

Blossfeldt alitumia kamera ya mbao iliyotengenezwa nyumbani na mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa inayohisi mwanga. Mbinu yake haikubadilika sana kwa miaka yote. Aliuweka mmea mbele ya karatasi ngumu isiyo na pambo, mara nyingi nyeupe au ya kijivu, akatumia mwanga laini usio na vivuli vikali, na kupiga picha kutoka mbele, ubavuni au juu.

Ili kitu kidogo kitokee kikubwa kwenye bamba, lenzi husogezwa mbali na bamba na kukaribishwa kwa kitu chenyewe. Lakini kadiri lenzi inavyokwenda mbali na bamba, ndivyo mwanga unaolifikia unavyopungua. Tena, kwa umbali huo mfupi ni sehemu nyembamba tu ya kitu inayoonekana kwa ukali. Kuziba tundu la lenzi liwe dogo huongeza ukali huo lakini hupunguza mwanga zaidi. Kwa hiyo lenzi ilibaki wazi kwa dakika kadhaa, na mmea haukutakiwa kutikisika hata kidogo wakati huo wote. Picha iliyopatikana iliweza kukuzwa tena wakati wa kuchapishwa. Baadhi ya picha zake zinaonyesha mmea ukiwa umekuzwa mara 30.

Hakupendelea maua ya bustani wala ya madukani. Alitafuta mimea kando ya njia, kwenye matuta ya reli na mahali pengine ambapo watu huona magugu tu. Miongoni mwa picha zake mashuhuri ni majani machanga ya kangaga (Adiantum pedatum) yaliyojiviringisha kama fimbo yenye kichwa cha mviringo, mashina ya Equisetum hyemale yanayofanana na minara, na vikono vya mmea wa maboga vilivyojisokota kama chuma cha dirishani.

Urformen der Kunst

Kwa muda mrefu picha hizo zilijulikana hasa shuleni. Hali ilibadilika pale Karl Nierendorf, mwenye ukumbi wa maonyesho ya sanaa mjini Berlin, alipoziona. Alizionyesha mwaka 1926, na mwaka 1928 kitabu Urformen der Kunst kikatolewa na mchapishaji Ernst Wasmuth kikiwa na picha 120 na utangulizi wa Nierendorf. Kilipendwa mara moja, kikachapishwa tena na kutafsiriwa kwa lugha nyingine. Mwaka 1929 picha za Blossfeldt zilikuwemo katika maonyesho makubwa ya Film und Foto mjini Stuttgart.

Wakati huo wasanii wengi wa Ujerumani walikuwa wamechoshwa na picha zenye ukungu zilizoiga michoro ya rangi. Walitaka kamera ionyeshe kitu waziwazi, jinsi kilivyo. Mwelekeo huo uliitwa Neue Sachlichkeit, na Blossfeldt aliwekwa pamoja na vijana wake kama Albert Renger-Patzsch, ingawa alikuwa amepiga picha kwa namna hiyo kabla mwelekeo huo haujapata jina.

Mapokezi na mjadala

Mwanafalsafa Walter Benjamin alikisifu kitabu hicho mwaka 1928, akarudi kwenye picha hizo mwaka 1931 katika insha yake kuhusu historia ya upigaji picha. Kwake, kamera ilikuwa imefunua kitu ambacho jicho peke yake halikioni: nguzo za kale ndani ya shina na fimbo ya askofu ndani ya kangaga. Mwandishi Mfaransa Georges Bataille alizitumia mwaka 1929 katika jarida la Documents kwa lengo tofauti, yaani kupinga mazoea ya kuyaona maua kama alama ya uzuri na usafi pekee.

Picha zenyewe huonekana kama ushahidi mtupu wa maumbile, lakini sivyo zilivyo. Blossfeldt alichagua tawi lililofaa kati ya mengi, akakata majani yaliyoziba umbo, akaupanga mmea uwe na ulinganifu, na mara nyingine akasahihisha dosari kwenye bamba la kioo. Mtazamaji haoni rangi, mizizi wala mahali mmea ulipoota. Kwa mtaalamu wa mimea huo ni upungufu mkubwa. Kwa mwalimu wa ufinyanzi lilikuwa lengo, kwani alitaka mwanafunzi aone umbo tu. Blossfeldt mwenyewe aliamini kwamba mmea umejengwa kama jengo la msanifu, kila sehemu ikiwa na kazi yake, na kwamba sanaa hupata maumbo yake kutoka huko.

Miaka ya mwisho na urithi

Kitabu chake cha pili, Wundergarten der Natur ("Bustani ya Ajabu ya Maumbile"), kilitoka mwaka 1932. Alifariki mjini Berlin tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 67. Umaarufu wake akiwa hai ulidumu takriban miaka minne.

Sehemu ya picha na vielelezo vyake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Berlin, na nyingine ziko Köln na München. Baada ya kifo chake zilipatikana pia karatasi ambazo juu yake alikuwa amebandika picha ndogo nyingi kwa safu, zikionyesha jinsi alivyolinganisha maumbo kabla ya kuchagua. Hadi leo picha zake hutumiwa kuwafundisha wabunifu, wasanifu majengo na wapiga picha wa vitu vidogo.