Yustino Shahidi na Ibada ya Jumapili

Masomo, mahubiri, sala, kisha mkate na divai: utaratibu huu wa Jumapili tumeuzoea mno hata hatuulizi umetoka wapi. Aliyetuachia habari zake kwa kirefu ni Yustino, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 1 Juni.

Alizaliwa yapata mwaka 100 huko Neapoli ya Samaria, mji uitwao sasa Nablus. Hakulelewa katika imani yetu. Alizunguka kwa walimu wa falsafa akitafuta kumjua Mungu. Mmoja wao alidai ada baada ya siku chache tu, Yustino akamwacha. (Sisi tulioshika chaki miaka mingi hatumsifu mwalimu yule.) Mwishowe mzee mmoja aliyekutana naye karibu na bahari alimwelekeza kwa manabii na kwa Kristo. Akaamini, akaenda Roma, akafungua shule.

Siku zile Wakristo walisingiziwa kwamba katika mikutano yao hula nyama za watu. Yapata mwaka 155 Yustino alimwandikia Kaisari Antoninus Pius, akafunua yote. Alieleza kwamba siku ya jua watu wa mjini na wa mashamba hukusanyika, husomwa habari za mitume au maandiko ya manabii kadiri ya nafasi, msimamizi huhubiri, wote husimama wakaomba, huletwa mkate, na divai pamoja na maji, msimamizi hushukuru, na watu huitika Amina. Mashemasi huwapelekea wasiokuwapo. Sadaka huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Kwa nini siku hiyo? Alitaja sababu mbili: ni siku ya kwanza ya uumbaji, na ndiyo aliyofufuka Bwana. Kiswahili chetu huanza kuhesabu Jumamosi, ndiyo maana siku ya kwanza tunaiita Jumapili! Nayo ilikuwa siku ya kazi. Amri ya Kaisari Konstantino ya kupumzika ilikuja mwaka 321.

Yapata mwaka 165 Yustino alishtakiwa mbele ya Rusticus, liwali wa Roma. Alipoulizwa Wakristo hukutana wapi, alijibu kwamba Mungu hafungwi na mahali, akataja nyumba aliyokaa mwenyewe tu. Akakataa kuitolea miungu dhabihu. Alihukumiwa kupigwa mijeledi na kukatwa kichwa, pamoja na wenzake sita, mmoja wao mwanamke, Charito.