Fabre, mwalimu mwenye kungojea bilulu

Wale waliosoma Kifaransa pengine wameisha kusikia jina la Jean-Henri Fabre. Hakuwa mutoto wa watajiri. Alizaliwa mwaka wa 1823 kule Saint-Léons, kusini ya Ufaransa. Wazazi walijaribu kafe muji kwa muji, na kila mara biashara ilianguka. Kijana akabaki peke yake: akauzisha ndimu ku soko ya Beaucaire, akafanya kazi ya mikono pale walipokuwa wanatengeneza njia ya reli. Kisha akapita mutihani, akawa mwalimu, lakini mushahara ulikuwa kidogo, tena ulikuwa unachelewa. Hayo tunayajua.

Siku bila kazi alikuwa anaendaka porini na visanduku na kioo cha kukuza. Asubui moja wanawake watatu wenye kwenda kuvuna zabibu walimukuta amekaa juu ya jiwe, macho chini. Mangaribi wakirudi, yeye angali pale pale. Wakazani kichwa chake kimeharibika, mumoja akafanya alama ya musalaba. Kumbe alikuwa anangojea nyigu mwenye kuchimba shimo.

Nyigu mwengine, Cerceris, aliisha kumupa jina mu 1855. Anakamata mududu mwenye ganda gumu, anamuchoma pale ganda linapoungana, anamuzika. Wenye elimu walisema sumu ile inazuia nyama kuoza. Fabre aliangalia karibu: mududu hajakufa, amepooza tu, chakula kibichi cha mutoto wa nyigu.

Karibu na 1870, mu Avignon, alieleza wasichana namna maua yanazaa. Watu wa dini wakakasirika, wenye nyumba wakamufukuza pamoja na watoto. John Stuart Mill, Mwingereza aliyekuwa anatembea naye kutafuta majani, akamukopesha falanga 3.000. Alilipa zote.

Deni lingine halikulipika. Mwana wake Jules, mwenye macho makali, alikuwa anamusaidia kutafuta bilulu. Alikufa mu 1877, miaka 16 tu. Baba akatwaa nyigu watatu aliozani hawajapata jina, akawaita julii wote. Mutoto hakuacha kaburi peke yake.

Mu 1879 Fabre alinunua shamba la mawe na miiba kule Sérignan, akaliita Harmas. Hakuna mwengine aliyelitaka, nyigu walilipenda. Pale aliandika mabuku mengi. Uzeeni mwana mwengine, Paul, ndiye alipiga foto za bilulu kwa mabuku yale. Sisi na telefone yetu tunapiga mara moja, tunapita. Paul alikuwa na vioo vizito, na mududu hangojei mutu.

Fabre alikufa Oktoba 1915, miaka 91. Nyumba ingali Sérignan, na visanduku vyake ndani.