Mendeleev, mwalimu aliyeacha nafasi wazi

Dmitri Ivanovich Mendeleev alizaliwa mwaka 1834 mjini Tobolsk, Siberia, kitinda mimba katika familia kubwa. Mwaka huohuo baba yake, mkuu wa shule ya sekondari, alipofuka, na kazi ikamponyoka. Mama yake, Maria, akashika uendeshaji wa kiwanda cha kioo cha ukoo wake ili watoto wapate kula. Baba alifariki mwaka 1847. Mwaka uliofuata kiwanda kiliteketea kwa moto. Mama huyo, aliyekwisha kupita miaka 50, alimchukua mwanawe wakasafiri zaidi ya kilomita 2000 hadi Moscow. Chuo kikuu cha huko hakikumpokea. Wakaendelea hadi St. Petersburg, na mwaka 1850 kijana akapata nafasi katika chuo cha ualimu alikosomea baba yake. Mama alifariki mwaka huohuo.

Wengi wetu tunamfahamu Mendeleev kwa lile jedwali la elementi tuliloliona ukutani tukiwa sekondari. Lakini chanzo cha jedwali hilo kilikuwa kazi ya kufundisha. Mwaka 1867 alikabidhiwa ualimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg, akakuta wanafunzi wake hawana kitabu cha Kirusi kinachofaa. Akaanza kukiandika mwenyewe: Misingi ya Kemia. Juzuu la kwanza lilipokamilika, lilikuwa limeeleza elementi chache tu kati ya 63 zilizojulikana wakati huo. Nyingi zilizobaki zingepangwaje ili mwanafunzi azielewe?

Jibu lilipatikana mwanzoni mwa mwaka 1869. Alizipanga elementi kwa uzito wa atomi zake, akaona kwamba tabia zake hujirudia kila baada ya hatua fulani. Wengine walikuwa wamejaribu mpangilio wa namna hiyo, wakiwemo Newlands wa Uingereza na Lothar Meyer wa Ujerumani. Mendeleev alithubutu zaidi. Pale ambapo hapakuwa na elementi inayofaa, hakubana zilizopo ili kuziba pengo. Aliacha nafasi wazi. Mwaka 1871 alieleza kinaganaga tabia za elementi tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona.

Hapo ndipo habari yake inapoingia katika uwanja wetu wa lugha. Kitu kisichoonekana bado kiitwe nani? Mendeleev alichukua namba za Kisanskriti, akazifanya viambishi awali: eka, yaani moja, dvi, mbili, tri, tatu. Eka-alumini ilikuwa elementi iliyotarajiwa nafasi moja baada ya alumini katika kundi lake. Vivyo hivyo eka-boroni na eka-silikoni. St. Petersburg ya miaka ile ilikuwa mji wa Kisanskriti: Chuo cha Sayansi cha huko kilikuwa kikichapisha kamusi kubwa ya Böhtlingk na Roth, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1855 na kumalizika 1875. Jina lenyewe lilikuwa anwani: lilimwambia mtafiti akatafute wapi.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua elementi aliyoiita gali. Alipoipima, alisema ina uzito mara 4,7 ya maji ya ujazo uleule. Mendeleev, ambaye hakuwa ameigusa wala kuiona, alitambua eka-alumini yake na kudai kwamba kipimo kina kasoro: kingekaribia 5,9. Mfaransa akaisafisha upya, akapima tena, akapata 5,9. Skandi ilifuata mwaka 1879 mahali pa eka-boroni, na gerimani mwaka 1886 mahali pa eka-silikoni.

Sisi nasi huweka kinyota mbele ya neno la Kibantu cha kale ambalo hakuna sikio lililolisikia. Kinyota hicho na eka ya Mendeleev ni ndugu. Vyote viwili hudai kwamba mfumo unatosha kutuonyesha kilichokosekana, na vyote viwili vinaweza kuumbuliwa na ushahidi mpya. Naye aliumbuliwa: elementi alizozitabiri kuwa nyepesi kuliko hidrojeni hazikupatikana kamwe. Mtafiti anayeacha nafasi wazi hujiweka mahali pa kuhukumiwa.

Tabia hiyo ya kujiweka mbele haikuishia maabara. Mwaka 1890 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakitaka haki zaidi. Mendeleev, profesa mwenye miaka 56 na sifa duniani kote, alikubali kupeleka barua yao ya madai kwa Waziri wa Elimu, Delyanov. Waziri aliirudisha bila kuishughulikia. Mendeleev alijiuzulu, akaacha chuo alichokitumikia zaidi ya miaka 20. Baadaye serikali ilimpa kazi ya kusimamia mizani na vipimo vya nchi, naye akaishikilia hadi kifo chake mwaka 1907.

Majina ya eka hayatumiki tena kwa elementi zile tatu. Yalimaliza kazi yake siku zilipopatikana. Mwaka 1955 wanasayansi wa Berkeley, Marekani, walitengeneza elementi ya 101 wakaiita kwa jina lake. Kitabu alichowaandikia wanafunzi wake kilichapishwa mara nane angali hai, na kila mara alikirekebisha.